Boga la Tobin

Kila Julai watoto wa nyumba ile hukwaruza majina yao kwa msumari kwenye maboga machanga, na kovu hukua pamoja na boga. Oktoba maboga hukatwa yakapamba ngazi za barazani, kila mtoto na lake.

Mama alifunua majani, akakuta TOBIN.

Mwanawe Tobin alikufa maji bwawani Agosti. Jina lake halikuwa na habari. Lilikuwa limeendelea kunenepa, kila herufi sasa pana kama kiganja, imevimba kovu gumu la kijivu. Aliipapasa ile T, iliyokwenda upande.

"Nikate?" mumewe aliuliza, kisu mkononi. "Baridi ya leo itagandisha kila kitu. Likilala nje, kesho ni uji."

"Ukilikata, litaendelea kukua?"

"Boga likishakatwa? Mke wangu, jamani..."

"Basi liache kwenye shina lake."

"Litakufa hivyo hivyo!"

Mama alikuwa ameshapiga magoti topeni, amevua koti, analifunika boga na kuchomekea pembeni.

"Halitoshi," alisema. "Kalete blanketi la kitandani kwake."