Kengele ya Kiunoni

Kengele ndogo ililia kiunoni mwa Mukami, kwa mara ya kwanza tangu binti yake aliyesomea umeme aifunge hapo. Alitupa debe la kahawa akakimbia nyumbani.

Kwa wiki tatu mumewe alikuwa amekataa kubonyeza kitufe cha kengele hiyo, kilichowekwa chini ya kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto, kidole pekee alichoachiwa na kiharusi. Kusema hakuweza tena. Kila asubuhi Mukami alimwambia, "Mzee, ukizidiwa, bonyeza," naye aligeuza macho ukutani.

Alimkuta barazani, kitini pake, mzima kabisa.

"Karibu uniue," Mukami alisema, akishika kifua kwa vidole vilivyonata utomvu wa kahawa. "Ni nini? Ni maji? Ni choo?"

Macho ya mzee yalienda uani, yakapanda angani, yakarudi uani.

Hapo ndipo Mukami alipoliona wingu. Njahi zote, maharagwe meusi ya chakula chao hadi msimu ujao, zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai.

Alizikunjia ndani ya turubai, akaziburuta hadi miguuni pa mumewe. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Akaketi kando yake akihema.

"Asante, mzee wangu. Tungekula nini?"

Kidole kikasogea. Kengele ikalia tena.

"Na sasa? Si niko hapa?"

Macho yalielekea shambani. Mbuzi alikuwa bado amefungwa huko, akilowa.

"Haya, mwenye boma," Mukami alisema, akaingia mvuani.