Mtungi wa Chumba cha Kompyuta

Kadi ya ukaguzi ya thelathini na moja aliisaini akiwa ndani ya gari, ameiegemeza kwenye goti. Mitungi yenyewe ya kuzimia moto, ya kukodi, ilikuwa ndani ya ghala, naye alikuwa ameingia humo mara moja tu, kuihesabu. Wapagazi walikuwa wakipakia magodoro kwenye lori, maana ghala lilikuwa linahama. Akarudi ndani, akazifunga kadi shingoni mwa mitungi moja baada ya nyingine, akaaga. Kazi ya siku mbili ilikuwa imekwisha kwa nusu saa.

Kazini walimwita Mashine, na jina lilimkaa. Kwenye ubao wa hesabu ya kadi ofisini alikuwa wa kwanza miezi mitatu mfululizo. Wa mwisho alikuwa mwenzao mmoja aliyekuwa anapima kila mtungi kama inavyotakiwa. Mwezi uliopita aliachishwa kazi, akatia vifaa vyake kwenye boksi, akaondoka bila kumwangalia mtu usoni.

"Mteja ananunua kadi," msimamizi aliwaambia waliobaki. "Mkishindwa kuzijaza, wapo wanaozililia."

Mashine aliliogopa lile boksi kuliko moto. Hata hivyo hakujiona mtu mbaya, kwa sababu kulikuwa na mahali pamoja ambapo hakuthubutu kulipua kazi: shuleni kwa binti yake. Huko alibeba mizani na kuipima mitungi yote. Mtungi wa kuzimia moto wa aina ya gesi hauna mshale wa kukuonyesha kama umejaa. Ukivuja, unabaki vilevile mwekundu, unang'aa.

Alhamisi ya wiki hiyo aliukuta wa chumba cha kompyuta umepungua. Kusema kweli, alifurahi. Hata roho yake ilitulia kidogo kwa habari ya mitungi mingine aliyoisaini bila kuipima. Akaukimbiza stoo ya kampuni, akaomba mwingine wa kuweka pale siku hiyohiyo.

"Chukua huo," alisema mama wa stoo, akimwonyesha rafu ya mitungi iliyo tayari. "Umerudishwa jana, na umekaguliwa mwezi huuhuu."

Langoni mwa shule simu ikaita. Alikuwa msimamizi.

"Mashine, bado kadi kumi na nane leo. Usiniangushe."

Mizani akaiacha garini. Akamwomba mlinzi wa shule ampelekee mtungi ule ndani. Mlinzi akaunyanyua kwa mkono mmoja.

"Kumbe kazi zenu laini hivi, ndugu yangu," alimtania. "Na bado mnalalamika."

Mashine alicheka, akawasha gari.

Jumanne asubuhi alipigiwa na mwalimu wa kompyuta. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanalia. Nyaya zilikuwa zinawaka karibu na mlango, madirisha yote yalikuwa na nondo, na darasa zima lilikuwa limejibana kwenye ukuta wa ndani, binti yake akiwemo.

"Mwalimu, nisikilize," alisema Mashine, huku akikimbilia gari. Yeye mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Mtungi unao? Chomoa pini. Elekeza mdomo chini kabisa ya moto, halafu bana kishikio."

"Nimebana. Umetoa pumzi kidogo, umenyamaza."

"Bana tena."

"Hautoi kitu, fundi. Na kadi inasema ni mzima."

Hasira ikampanda mpaka macho yakaona giza. Alitaka kumjua mtu huyo aliyeupitisha mtungi mtupu ukaenda kukaa mbele ya watoto wa watu. Alitaka kumkaba kwa mikono yake.

"Kadi ya nani hiyo? Nisomee, mwalimu. Chini kuna jina."

Mwalimu alikohoa mara mbili.

"Ghala la magodoro," alisoma. "Jina ni lako."