Vipovu Chini ya Ngozi

"Bado kuna vipovu," mwanamke alisema, akalirudisha bamba mezani.

Fundi alishusha pumzi. Hii ilikuwa mara ya tatu. Karakana nzima ilimwita Tindikali, kwa sababu ya mapipa yake ya asidi na kwa sababu ya ulimi wake, na leo ulimi ulikuwa mkali kuliko mapipa.

Kazi yenyewe si ya kumtoa mtu jasho. Unaitumbukiza alumini kwenye asidi, unapitisha umeme, inajivika ngozi ngumu ya oksidi, kisha unachonga jina. Bamba hili lililetwa limepinda, lina masizi na ukingoni matundu ya ribiti, zile pini za kuungia mabati. Alilinyoosha, akalisugua mpaka likang'aa. Lakini kila likitoka kwenye asidi, ngozi ilikuwa imejaa vipovu.

"Vinatoka wapi?" mwanamke aliuliza.

"Ni hewa, dada. Inazaliwa humo humo ndani ya ngozi, inakosa pa kutokea."

Mwanamke aligeuza uso, akatazama ukutani. Tindikali akaona ni maringo tu. Watu wa vibao vya mlangoni aliwajua vizuri.

"Chukua bamba langu jipya, nakupa bure. Mradi tuachane salama."

"Silitaki. Nataka hili hili, na jina likae pasafi. Kesho watu wanakuja."

"Basi mwambie shemeji avumilie. Vipovu havizuii mlango kufunguka."

Hata tabasamu hakupewa, na hilo likamchoma zaidi. Akachukua tupa, akakwangua kona ya bamba, akadondosha dawa juu yake. Pakageuka peusi.

"Shaba!" Alilipiga bamba kofi. "Ndiyo maana! Alumini yako imechanganywa na shaba, na shaba ndiyo inayozaa hewa. Mimi nahangaika na umeme, kumbe ubaya uko kwenye bamba!"

Kisha akayatazama tena yale matundu ya ribiti. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini na chungu.

"Dada, bamba la namna hii haliuzwi dukani. Hili ni la ndege. Unataka nifungwe kwa mali ya wizi? Umelinyofoa wapi?"

Mwanamke alilichukua bamba, akalifuta kwa kiganja, taratibu, akalibana kifuani.

"Sikuiba, fundi. Tuliomba mwili wa shemeji yako. Wakatuletea hili."