Miezi Mitano ya Mkeshaji

Mkeshaji alitokea mlango wa jikoni, viatu mkononi, wenye nyumba wakiwa bado hawajajua waanze kulia au waanze kupiga simu. Chumbani, mzee aliyekaa naye miezi saba alikuwa amekata roho nusu saa iliyopita. Ndivyo alivyozoea kuondoka. Msiba una wenyewe, na aliyelipwa kukaa na mgonjwa hana kiti msibani.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kukaa majumbani na watu ambao hospitali imewarudisha wakafie kwao. Kuwageuza, kuwaosha, kuwalowanisha midomo, kuwashika mkono mpaka mwisho. Mkataba mmoja ukiisha, wakala anampa mwingine. Miaka kumi na moja ilipita hivyo, hata jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu.

Siku hiyo, akiwa njiani kwenda stendi, alijikuta akiwaza soksi alizosahau kwenye kamba. Mzee wa watu hata hajapoa, yeye anawaza soksi. Akalitafuta chozi, akalikosa. Hapo akaogopa.

Kabla hajapanda basi alimpigia wakala, akamwambia asimpe kazi yoyote kwa miezi mitano. Wakala akacheka, akasema mtu wa mikataba hana likizo, ana mapengo. Mkeshaji akamjibu kwamba basi hili ni pengo, na alizibe mwingine.

Kisha akampigia mama yake. Kila alipokwenda kwake katikati ya mikataba alifika hoi, akalala kama gunia, akaamka siku ya kuondoka. Mama alizoea kumtania kwamba wagonjwa wa watu wanamwona akiwa macho, yeye mzazi anapewa mgongo. Safari hii Mkeshaji alitaka akae mbali miezi minne, pasipo na wa kumjua, halafu mwezi wa tano wote uwe wa mama.

"Pumzika hasa," mama alimwambia. "Usiniletee mabaki."

"Nitakuja mzima, mama."

"Basi nitakusubiri. Mimi nina haraka gani?"

Akapanga chumba katika mji mdogo wa mlimani, wenye baridi na watu wasiouliza maswali. Mwezi wa kwanza alilala. Mwezi wa pili chakula kikaanza kuwa na ladha. Mama hakuwa mtu wa simu, lakini mwezi huo alipiga, akauliza tu kama bado amechoka. Mkeshaji hakumficha: bado, tena sana.

Siku mbili baadaye akapiga wakala.

"Dada, kuna mama mmoja. Ini. Hana miezi mingi. Anakutaka wewe."

"Nani kanisifia? Wateja wangu hawarudi kusimulia."

Wakala hakucheka. Hakutaja jina, na Mkeshaji hakuuliza. Sharti hilo aliliweka mwenyewe zamani: jina la mgonjwa atalipata mlangoni, akishatia sahihi. Mwanzoni alikuwa anauliza, akajikuta anachagua, huyu mkali, yule ana wana wakorofi, na wanaokufa si wa kuchaguliwa kama nyanya sokoni.

Alikataa. Wakala akamuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema ana hakika, wakaagana.

Mwezi wa tatu, kuku wa mwenye nyumba aligongwa na baiskeli pale mlangoni. Mkeshaji alimwokota, akamshika mpaka akatulia, kisha akakaa kizingitini akalia. Alimlilia kuku, akamlilia mzee wa miezi saba, akawalilia na wale wa kabla yake mmoja mmoja. Mwenye nyumba alimbembeleza, akamwambia asilie sana, watamla wote pamoja. Wakacheka wote wawili, na Mkeshaji akajua kwamba moyo wake umerudi.

Wiki hiyohiyo wakala akapiga tena. Yule mama bado anauliza, alisema. Hali imekuwa mbaya.

 Safari hii ilimuuma Mkeshaji, na kule kuumia kulimfurahisha.

"Kaka, si mimi peke yangu ninayejua kushika mkono wa mtu. Mpe mwingine. Mimi nimemwahidi mama yangu nitafika mzima, na nikiingia nyumba nyingine ya msiba sasa hivi nitampelekea mabaki yaleyale."

 Wakala akasema sawa, dada.

Mwaka uliofuata wakala alifunga ofisi. Siku hizi anauza matairi. Msichana aliyepewa ule mkataba aliufanya vizuri, kisha akaolewa na kuacha kazi. Mwenye nyumba wa mlimani alimpangisha fundi cherehani kile chumba. Mkeshaji alimaliza miezi yake minne, mashavu yamejaa, akapanda basi Alhamisi kwenda kwa mama yake, na kazi ile hakuifanya tena. Yule mama mgonjwa alifariki Jumatano, siku moja kabla ya basi hilo, saa nne asubuhi. Kwenye fomu aliyojaza kwa wakala, mahali pa maagizo, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: mwulizeni binti yangu kwanza, lakini msimwambie ni mimi, apate kukataa kama bado amechoka.