Meneja Mezani

Mwaka ule wafanyakazi wa benki walitakiwa kuitana kwa vyeo hata majumbani, na beji zao za kifuani zilisikiliza kila neno. Bi Tunu, karani wa kaunta kwa miaka ishirini na sita, hakuona tabu, mpaka binti yake Mwatumu alipopandishwa kuwa meneja wa tawi lake.

Jioni hiyo alimpakulia chakula. "Mwatumu mwanangu, kula wali ungali moto."

Beji ya Bi Tunu ikalia.

"Karani, sema Meneja," Mwatumu alinong'ona. "Mara ya tatu hii. Watakufukuza."

Bi Tunu akapandwa na hasira. "Nimekuzaa mimi, nikakupa jina la marehemu bibi yako! Hao waliokupa cheo walikuwepo leba?" Akaing'oa beji, akaitupa mezani. "Haya, niite mama. Mara moja tu."

Mwatumu akaiinamia beji yake mwenyewe, akasema, "Karani amevua beji, saa moja na dakika kumi."

Bi Tunu akaivuta ile sahani, akaifunika kawa.

"Hiki ni chakula cha mwanangu, Meneja. Akirudi, atakula."