Mifupa Minane ya Mama

Siku hizi mwanafunzi wa udaktari hukariri mifupa minane ya kifundo cha mkono kwa kushika ile ya mama yake mzazi. Mama huwekewa ya plastiki kwa muhula mmoja, na baada ya mtihani hurudishiwa yake.

Siwema na rafiki yake Tatu walisoma pamoja, mifupa ya mama zao ikiwa juu ya mkeka mmoja. Siku ya kuirudisha, mifupa ilikuwa imechanganyika.

"Ya mama yako ipi?" Tatu aliuliza akicheka.

"Nadhani ile myeupe zaidi," Siwema alijibu, wakagawana. Wote wawili walifaulu.

Wiki iliyofuata Siwema alimkuta mama yake mbele ya unga uliotiwa maji ukakauka. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vikikunja hewa kama vinasuka ukili wa mkeka. Mama hakuwahi kusuka maishani. Msusi ni mama yake Tatu.

"Nataka kukanda chapati, mwanangu, mkono unakataa."

"Utazoea, mama."

"Si wewe umefaulu?" Mama alimnyooshea mkono. "Haya niambie, ipi humu ni yangu?"

Siwema aliushika, akayataja majina yote manane bila kukosea. Mama aliendelea kumtazama, akingoja jibu.