Wanja wa Mwanasesere

Siku hizi kitanda cha mtoto hakiuzwi mpaka kilaliwe kwanza na mwanasesere anayesikia maumivu. Akivunjika, kumbukumbu zake huhamishiwa kwa mwingine. Bi Mwanamvua aliifanya kazi hiyo ya kujaribu vitanda nyumbani kwake. Kabla ya kila jaribio alimpaka mwanasesere wanja kwenye paji la uso, kama alivyowapaka wanawe kuwakinga na jicho baya. Asipopaka, mikono yake ilikataa kumlaza.

Jumapili bintiye Raya alikuja na kichanga chake, kimepakwa wanja.

"Mama, nimlaze wapi?"

"Kitanda hicho kimeshafaulu, mwanangu. Mlaze tu."

Mwanasesere mpya, aliyetolewa kwenye boksi asubuhi ile na kuhamishiwa kumbukumbu za aliyevunjika, akatambaa hadi kitandani. Akapenyeza mkono kati ya fito, akamfuta mtoto wanja taratibu, huku akimtazama Bi Mwanamvua.